Fundi Mkuu na Vibano vya Springi

Siku yangu ya kwanza karakanani Njombe, Fundi Mkuu hakunipa spana. Alinionyesha springi ya gari chini ya meza, akaniambia niibonyeze. Niliikalia kwa uzito wangu wote, haikushuka.

"Sasa fikiria gari zima limeikalia," alisema. "Nguvu ile haipotei, bwana. Imo humo, inangoja upenyo."

Alikuwa Mpangwa wa Mawengi, mpole, Mkatoliki asiyeshika kazi kabla ya kufanya ishara ya msalaba. Mimi Mbena wa Kilutheri nilisimama kando nikimsubiri. Enzi hizo za Mwingereza, malori yalikalia springi za mabapa ya chuma yaliyopangwa, lakini magari madogo ya wakubwa yalikuwa na springi za kujiviringa mbele. Kuzitoa kulitaka vibano: parafujo mbili ndefu zenye kulabu. Unazifunga pande mbili za springi zikielekeana, kisha unakaza kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo, springi isije ikapinda. Uso huuweki mbele ya ncha yake. Na meno ya parafujo yakilika, kibano hicho ni cha kutupa.

Baadaye tulihamishiwa wote wawili karakana ya Makambako, penye njia panda. Kibano kimoja cha huko kilikuwa kimelika meno. Fundi Mkuu aliomba kingine. Meneja, Mwingereza mwenye haraka, akasema kinakuja.

Kabla hakijafika, likaja gari la daktari wa misheni, springi imevunjika. Lilikuwa na dawa za wagonjwa wa hospitali ya Lugarawa.

"Fundi, leo," Meneja alisema. "Watu wanangoja dawa."

"Kibano hakifai, Bwana."

"Najua. Lakini leo."

Fundi Mkuu alifanya ishara ya msalaba. Kisha akatuamuru sote tutoke nje.

"Nikusaidie, Mzee," nilimwambia.

"Mwanangu, toka."

Nilisimama mlangoni. Springi ya zamani ilitoka salama. Alipokuwa akiikaza mpya, meno ya kibano kibovu yakaachia. Nilisikia mlio kama bati limepigwa nyundo. Springi ikaruka hadi ukutani, na Fundi Mkuu akawa chini, ameushika mkono wake wa kulia.

Tulisimamisha lori lililotokea kupita, tukapakia humo dawa na Fundi Mkuu, likaelekea Lugarawa. Meneja alipanda naye nyuma, akamshikilia njia nzima. "Nimekuharakisha," alikuwa akisema. "Nimekuharakisha." Baada ya hapo vilinunuliwa vibano vipya, na mnyororo wa kuifunga springi isiruke hata kibano kikiachia.

Mkono ulipona ukiwa umepinda. Hakurudi kazini. Nilipomtembelea Mawengi nilimkuta akipalilia mahindi kwa mkono wa kushoto.

"Dawa zilifika?" aliniuliza, ingawa alikuwemo katika lori lile.

"Zilifika, Mzee."

"Basi."

Nilifanya kazi miaka mingi baada yake, hadi nami nikaitwa Fundi Mkuu, na kila aliyeniita hivyo nilitaka kugeuka nimtafute mwenyewe. Sasa nimestaafu, nakaa Kitandililo. Asubuhi za ukungu nikisikia gari likigonga chini barabarani, nasimama kusikiliza ni springi ya upande upi. Siku niliyoagwa walikuja wengi, wakanipa blanketi zuri. Mimi nilitamani mtu mmoja tu, aliyekuwa amekwisha kufariki, nimnyooshee mikono hii miwili mizima, aione.