Kiti cha Ubavuni

Kabla watu wa mtaa hawajafika mkutanoni, meya hupanga viti duara kwa mikono yake mwenyewe, na kila kimoja hukikalia kidogo, kisije kikamwangusha mtu mzima. Mama kijana anayefagia ukumbi, mtoto mgongoni, amemzoea: sauti yake ya chini, kama ya mtu aliye karibu na mtoto aliyelala, na ule msemo wake, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Amueni nyie, mimi nitafuata." Siku walipoamua mtaro wa maji machafu upite wapi, dada mkubwa wa meya, aliyekuwa akimpikia, alikuwa amekaa ubavuni pake kama kawaida. Watu wakasema mtaro upite kwenye jiko la dada huyo, maana njia nyingine ingebomoa vyumba vya wapangaji wasio na pa kwenda. "Mdogo wangu, sema neno basi!" "Wameshasema wenyewe, dada." "Haya. Basi wakupikie hao hao." Watu wakaangua kicheko, wakidhani ni utani wa ndugu. Meya hakucheka.

Tangu hapo dada haji mkutanoni, na kiti cha ubavuni meya hukijaribu mara mbili, hukifuta kwa leso, na anayetaka kukikalia humwambia kwa upole, "Hicho kina mwenyewe." Juzi ukumbi ulifurika. Alipomwona mama kijana amesimama ukutani na mtoto wake, aliinuka akampa kiti chake yeye. "Kaa, mwanangu." Mkutano mzima akausikiliza wima, mkono ameuweka kwenye egemeo la kile kitupu, na kila mlango ulipolia, aligeuza shingo.