Nywele Zetu Ndani ya Daftari

Mimi si mama wa kupekua, lakini siku ile nilikuwa nabadilisha shuka kitandani kwa binti yangu, daftari likaanguka miguuni pangu. Tulikuwa na miaka mitatu Minnesota, huku Marekani, tunakaa karibu na mji wa Roseville, mimi nafua nguo kwenye nyumba ya wazee. Binti alikuwa na miaka kumi na mitano. Kiswahili alikisikia vizuri, ila kujibu alinijibu Kiingereza.

Lile daftari lilikuwa limepangwa, jamani, hata jiko langu halijawahi kupangwa hivyo. Aliligawa kwa vikaratasi vya rangi: kijani kwa majani, kila jani limekaushwa na kubandikwa, njano kwa ndoto zake, nyeupe kwa mwezi, ameuchora siku baada ya siku. Kwenye jalada, kwa wino wa fedha, aliandika kwa Kiingereza kwamba ni kitabu cha mchawi, na neno hilo hata mimi wa Kiingereza cha kuokoteza nililijua. Nyuma kabisa, penye nyekundu, palikuwa na majina yetu. Kando ya langu alikuwa amebandika nywele zangu. Kando ya la baba yake, nywele za baba yake.

Kwetu Kivu mtu akichana nywele anaziokota zote na kuzichoma. Nilimfundisha mwenyewe tangu akiwa mdogo: anayetaka kukumaliza huanza na nywele zako. Nikakaa sakafuni. Nasema kweli, nilimwogopa mtoto niliyemnyonyesha.

Aliporudi kutoka shule nilimuuliza. Alicheka kidogo, akasema wasichana wengi darasani wanayo madaftari kama hayo, kwenye maduka ya mall wanauza hata vitabu vya kufundisha kuyapanga, na ukurasa ule ulikuwa wa kutukinga, mimi hasa, kwa vile naendesha gari kwenye barafu. Sikutaka kusikia. Mchawi gani atakwambia kwamba anakula watu? Nikalibeba daftari kwa pasta wetu.

Pasta hakulisoma. Alisema kitu chenye nywele za watu hakisomwi, kinachomwa, na tukalichoma kwenye jiko la mkaa nyuma ya apatimenti. Halafu binti akawekwa kanisani kwenye maombi ya ukombozi: kupiga magoti, kufunga, maji kidogo tu asubuhi, mpaka akiri. Siku ya kwanza alibisha. Siku ya pili alilia tu. Baba yake alitaka kumrudisha nyumbani, mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia aache kumhurumia shetani.

Siku ya tatu, saa sita mchana, midomo yake ilikuwa imepasuka. Pasta akamuuliza tena amemla nani. Binti hakumtazama pasta, alinitazama mimi, na akajibu kwa Kiswahili.

“Nilimla kaka yangu. Sasa nipeni maji.”

Waumini wakapiga makofi, wengine wakalia kwa furaha, kikombe kikaletwa. Huyo kaka yake, mtoto wangu wa kwanza, alikufa kwenye kambi ya wakimbizi kwa kuhara, mwaka mzima kabla binti hajazaliwa. Nilimzika mwenyewe. Binti alijua hivyo, na alijua kwamba nami najua. Pasta akasema tumshukuru Mungu, nami nikaitikia amina.