Video Iliyokwama Mwanhuzi

Nakumbuka siku nilipomsingizia mwenzangu kuwa anatumia dawa ya kienyeji, mwanangu, kisa tu video zake zinafunguka na zangu hazifunguki.

Mwenzangu huyo ni Kabula. Mimi na yeye ndio tuliokuwa tukirekodi ngoma hapa Bariadi na kuziweka mtandaoni. Mimi niliwarekodi Wagalu, kundi la mjomba wangu Masanja. Yeye Wagika, wapinzani wetu. Kamera yangu ilikuwa kubwa kuliko yake, na nilijivuna nayo kweli kweli. Video niliipandisha nzima nzima, vile ilivyotoka kwenye kamera. Kuipunguza niliona ni kuichakachua.

Basi ndugu zetu wa Mwanhuzi, na mtandao wao wa kusuasua, wakabaki kutazama kiduara kikizunguka. Za Kabula zinacheza tu! Watu wakahamia kwake, na mjomba akaanza kusema atampa yeye kazi yangu. Wivu ukanishika. Unajua wacheza ngoma wetu walivyo na dawa zao za kuvuta watu. Nikamwendea mjomba, nikamwambia Kabula anayo dawa hiyo, ya kuvuta watu kwenye simu.

Mjomba hakubishana. Alimwita Kabula, akamuuliza mbele yangu.

"Dawa gani tena, baba?" Kabula alicheka. "Kila video naitoa kwa saizi tatu, simu ichukue ile inayoiweza. Naikata vipande vya sekunde chache, cha kwanza kinacheza wakati vingine viko njiani. Halafu mama anaifungua kwanza kule Mwanhuzi kwa kisimu chake. Ikigoma, naipunguza tena."

Mjomba akanigeukia. "Mwipwa, haya ulishindwa kumuuliza?"

Nilishindwa. Kazi akapewa Kabula, nami nikanuna msimu mzima wa pamba. Video zangu zote za mjomba nilizifuta kwa hasira.

Mjomba hayupo tena. Nikitaka kumwona akicheza, nafungua video ya Kabula, na hadi leo roho inaniuma kuliona jina la Kabula pale chini.

Kwa hiyo ukiona mwenzako anakupita, mwanangu, nenda kamuulize anafanyaje, siku hiyo hiyo, kabla wivu haujakutungia uongo. Na kazi yako ijaribu kwenye simu ya mwenye mtandao mbovu, maana naye ni mtazamaji wako. Mungu akujalie moyo wa kufurahia kazi nzuri hata ikiwa ya mwingine, na watu wako wote wa mbali wakuone.