Jogoo, Mwambie Mzee Asisimame

Mama yangu aliwahi kujitupa kwenye matete na mkungu wa ndizi kichwani. Nilikuwa mdogo, tunatoka Lupepo, mvua ndiyo kwanza imekatika. Mbele akatokea babu, baba yake baba, anakuja polepole na fimbo yake. Puu! Ndizi huku, mama kule, mimi nimebaki peke yangu katikati ya njia. Babu akapita anatazama mawingu. Kwetu enzi zile mkamwana haonani na baba mkwe, wala hamsemeshi. Ndiyo heshima. Mama alitoka na tope mpaka masikioni, akanikanya nisicheke, kisha akaanza kucheka yeye.

Habari ya ndizi hizo nimeianza bila kuulizwa, lakini ina mahali pake, maana nami nilikuja kuwa baba mkwe. Kijana wangu akaoa, akamleta mke nyumbani, akaenda zake Mbeya kutafuta kazi. Huyo mkamwana nilimjua kwa sauti na kwa mapishi. Sura nilikuwa sijaiona, labda kisogo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, bidhaa za nje zimefunguliwa mlango. Juzi tu tulipanga foleni ya sabuni, mara soko la Tukuyu limejaa miamvuli ya maua na saa za plastiki. Mimi nilikwenda na jogoo wangu mwekundu kwapani. Si wa kuuza, nilipenda tu watu wamwone. Mchuuzi mmoja wa redio na vikorokoro, kijana wa maneno mengi, akanionyesha kisanduku cha plastiki, kila upande rangi yake. Akakizungusha zungusha, rangi zote zikavurugika.

"Mzee wangu, zirudishe hizi, redio hii ni yako. Soko lijalo ukiwa hujaweza, huyo jogoo namla na ugali."

"Lete!" nikasema. Sikufikiri hata kidogo.

Nyumbani nikamfunga jogoo mguu uani, nisije nikaambiwa nimemficha, nikaanza kuzungusha. Sikupata kitu. Nikakiacha kwenye kigoda, nikaenda kukata majani ya ng'ombe. Kurudi, upande wa chini umekaa sawa! Kesho yake, na katikati. Nikamwambia mke wangu, "Mama, akili yangu inafanya kazi hata nikiwa sipo." Akaguna tu.

Siku ya tatu, na juu pia, zikabaki pembe mbili tu, zimekaa kichwa chini. Hapo nikakwama, na kigodani napo hapakutokea muujiza tena. Kila nikijaribu, chini kunabomoka, naogopa, narudisha haraka. Jogoo ananitazama kwa jicho moja.

Jioni ya kuamkia soko, sauti ya mkamwana ikatoka jikoni, nyuma ya ukuta wa mianzi.

"Jogoo, mwambie mzee ashushe upande wa kulia. Azungushe chini. Apandishe. Chini arudishe. Arudie hivyo hivyo."

Mke wangu akaacha kupukuchua mahindi. Nami nikamgeukia jogoo, ningefanyaje?

"Jogoo, mwambie anayesema kwamba kisanduku chote kinabomoka!"

"Jogoo, mwambie mzee asisimame! Nimekijaribu leo alipokuwa kwa ng'ombe, kinabomoka halafu kinarudi. Akisimama sasa, wewe ni supu!"

Nikashusha, nikazungusha, nikapandisha. Rangi zikavurugika, jasho likanitoka na baridi yote ile. Pembe ya kwanza ikakaa.

"Jogoo, sasa azungushe juu tu, ailete pembe ya pili mkono ule ule. Aendelee!"

Nikaendelea. Mara, kama watu wanaoingia kanisani kila mmoja kwenye benchi lake, rangi zote zikarudi. Zote!

Nilipiga kelele za mtoto. Nikaruka, nikakimbilia jikoni na kisanduku juu, "Ndaga, mwanangu, asante, ndaga!" Nimesahau mwiko wote. Nikasikia sufuria likianguka, mlango wa nyuma ukabamizwa, na migomba ikatikisika mpaka bondeni. Mke wangu alicheka mpaka akakaa juu ya mahindi. Jogoo akawika, jioni ile!

Asubuhi nikamkabidhi mchuuzi kisanduku chake. Akakigeuza, akakigeuza tena, akanitazama usoni.

"Mzee, umebandua karatasi hizi za rangi ukazibandika upya?"

"Muulize jogoo," nikasema.

Akacheka. Akajitwika mzigo wake, redio ikiwa juu kabisa. "Haina betri, mzee wangu. Nishikie kisanduku, nafuata betri, nakuja sasa hivi."

Akashuka njia ya stendi anapiga mluzi, na hakurudi tena.