Ng'ombe Aliyepelekwa Mhunze

Apolonia alikuwa mtu wa kuharakisha chungu. Masumbwe nzima walilijua hilo, na aliyelitangaza kuliko wote ni Mageni, rafiki yake tangu walipokuwa wasichana wa kuchunga mbuzi.

"Maharage ya huyu yana meno," Mageni aliwaambia wateja. "Ukiyauma, nayo yanakuuma."

"Anayengoja maharage yaive ni mtu asiye na kazi," Apolonia alijibu, na wachimbaji walicheka, wakala.

Hiyo ilikuwa mwaka 1994, kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, ambako wanawake hao wawili waliuza chakula chini ya turubai moja, kwa sufuria kubwa waliyoinunua pamoja. Wachimbaji huliita shimo lao duara, na maduara yalikuwa kila mahali, hata nyuma ya jiko. Mengine yalikuwa yameachwa wazi baada ya mwamba kukosa kitu, bila ubao wala kamba.

Siku ya msiba Apolonia alikuwa amekwenda kuchota maji. Kijana mmoja aitwaye Jilala, mtu wa Mhunze, alikuja amelewa gongo akataka chakula. Mageni akamwambia asubiri, bado hakijaiva. Jilala akaishika sufuria motoni kwa mikono yake.

"Acha, utaungua!"

"Kwani ni ya baba yako?"

Wakavutana. Sufuria ilikuwa ya moto, kitambaa kikateleza mkononi mwa Mageni, akaachia. Jilala akaenda kinyumenyume na maharage yake mpaka ardhi ikamwishia. Walipomtoa ndani ya duara alikuwa ameshakata roho. Mageni alilieleza jambo hilo hivyo tangu siku ya kwanza, na hakulibadilisha hata siku moja. Lakini waliokuja mbio walimkuta amesimama peke yake ukingoni, kitambaa mkononi, na polisi waliandika walichoambiwa na waliokuja mbio.

Wakampeleka mahabusu Shinyanga kwa kosa la mauaji.

Mageni hakuwa na mume wala mtoto, na ndugu zake walijiweka mbali mapema. Aliyebaki ni Apolonia. Alidandia malori ya mizigo hadi Isaka, akashuka na vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi, akapanda treni kwenda Shinyanga, na kikapu chake kina matobolwa, vile viazi vikavu vilivyochemshwa, ambavyo Mageni alivipenda tangu utotoni. Langoni palikuwa na askari magereza mwanamke aitwaye Mwamvua, mtu wa Tanga, mnene, asiye na haraka.

"Onja kwanza," Mwamvua alisema kila mara. Ndiyo sheria: aletaye chakula cha mahabusu sharti ale mbele ya askari, isije ikawa ameleta sumu.

Apolonia alionja. Upande wa pili wa wavu Mageni alimtazama akitafuna.

"Afande, mwangalie vizuri huyo. Anaonja kama anakula harusini. Atanimalizia."

"Vina meno?" Apolonia aliuliza.

"Leo havina. Umepikiwa na nani?"

Walicheka, hata Mwamvua akageuza uso ili asionekane. Siku hizo walikuwa bado wanacheka, kwa sababu waliamini kwamba mtu asiyeua hawezi kufungwa, na kwamba Mungu aliyekuwepo pale jikoni alikuwa shahidi tosha.

Kesi ilikawia sana. Ndipo Apolonia alipofanya jambo lile ambalo watu wa Masumbwe walikuja kulisema miaka mingi.

Kwa watu wa kwao, mtu akifia kwenye moto wako, iwe umemkosea au hukumkosea, hukai kimya. Unapeleka ng'ombe kwao. Siyo malipo, wala siyo kukiri. Ni kusema: mtu wenu amefia jikoni kwangu, nami ninalia pamoja nanyi, tusije tukaacha kula pamoja. Wakimpokea ng'ombe, basi hakuna kinyongo cha kurithisha watoto. Wasipopelekewa, hapo ndipo huuliza, mbona huyu ananyamaza, kama si muuaji ni nani?

Jiko lilikuwa la wawili, na mmoja alikuwa ndani. Apolonia alikuwa na mtamba mmoja tu duniani, mwekundu, mwenye baka jeupe kifuani, aliyemweka kwa kaka yake Athanas. Athanas alikunja uso aliposikia, ila hakukataa, maana ni mila ya baba yao. Wakamswaga mtamba kwa miguu, wakilala kwa watu wema njiani, hadi Mhunze. Mama yake Jilala, kikongwe aliyepinda mgongo, aliishika kamba akalia. Kaka yake marehemu, Magesa, alichinja kuku. Wakala pamoja, na Apolonia akarudi nyumbani akiimba nyimbo za Bikira Maria. Hakumwambia Mageni. Alitaka amwambie siku atakapotoka, iwe zawadi.

Siku ya kesi alikaa benchi la mbele Mahakama Kuu, rozari mkononi. Wakili wa utetezi, aliyepangiwa na mahakama, alieleza vizuri habari za sufuria na duara lisilo na ubao. Jaji alikuwa anaandika. Ndipo akaitwa Magesa.

"Baada ya kifo cha ndugu yako," wakili wa serikali alimuuliza, "upande wa mshtakiwa waliwahi kuja kwenu?"

"Walikuja. Walileta ng'ombe."

"Ng'ombe wa nini?"

"Wa marehemu."

"Na wewe, shahidi, umewahi kupeleka ng'ombe kwa ajili ya mtu ambaye hukumuua?"

Magesa alifikiri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeulizwa swali, akalijibu.

"Mimi sijawahi."

Kule kizimbani Mageni aligeuka. Hakumtazama Magesa. Alimtazama Apolonia, na Apolonia akasimama kabla hajajijua.

"Mheshimiwa, ng'ombe ni wangu! Nilimpeleka mimi, yeye hajui kitu!"

"Mkalishe huyo mama," alisema Jaji, na askari akamkalisha. Mzee mmoja wa baraza alijaribu kueleza kwamba ng'ombe wa namna ile si ng'ombe wa kukiri. Jaji alimsikiliza kwa adabu. Katika hukumu yake alisema kwamba mauaji ya kukusudia hayakuthibitishwa, lakini mtu hatumi mnyama wa thamani kwa wafiwa pasipo kujua mkono wake umefanya nini, na kwamba rafiki asingemtoa ng'ombe wake bila kutumwa. Kuua bila kukusudia.

"Una la kusema kabla sijatoa adhabu?"

"Sina," alisema Mageni.

Miaka saba.

Nje, wakili wa utetezi alimkuta Apolonia ameketi chini, ukutani.

"Mama, ungeniuliza kwanza kabla ya kupeleka huyo ng'ombe."

"Ningekuuliza wapi, mwanangu? Wewe tumekuona leo."

Wakili akaondoka na makabrasha yake.

Ijumaa iliyofuata Apolonia alifika gerezani na kikapu chake kama kawaida. Alikuwa ameshachukua kipande cha kuonja, amekileta karibu na mdomo, Mwamvua alipomshika mkono.

"Usihangaike, mama. Sasa ni mfungwa, si mahabusu tena. Chakula cha nje hakiingii."

"Basi niitie tu, nimwone."

Mwamvua alikwenda, akakawia. Aliporudi hakumtazama usoni.

"Amesema hana ndugu mwenye jina hilo."

Apolonia aliacha kipande cha sabuni, akarudi na matobolwa yake hadi Isaka. Hapo akawagawia wapagazi wa stesheni.

Tangu hapo alikuwa na haja moja tu, naye aliitaja kila jioni mbele ya sanamu ya Mama wa Mateso: Mageni aje dirishani. Hakuomba asamehewe. Aje tu, hata kama ni kumtukana. Kila alipopata nauli alikwenda, na kila alipokwenda alijibiwa vilevile. Isaka alinunua sabuni kwenye duka la Jashvant Bhai, na mkewe, Bi Jaya, aliyemfahamu kwa sura, alikuwa akiuliza kwa mkato.

"Ametoka?"

"Bado."

"Amekuja dirishani?"

"Bado."

"Basi chukua ya mche, hiyo nyingine inaisha haraka," akasema Bi Jaya, akampimia kubwa kuliko aliyolipia, na kugeukia mteja mwingine kabla hajashukuriwa.

Kisimani Masumbwe wanawake hawakuwa na huruma kama hiyo. "Wengine huuza rafiki wapate ng'ombe," alisema mmoja. "Huyu kamuuza rafiki na ng'ombe akamtoa yeye." Apolonia alijitwisha ndoo yake. Athanas alimwambia aache kwenda, mtu akikataa kuonwa amekataa. Katekista alimwambia avumilie, Bwana wetu naye alikanwa na rafiki. Apolonia alimwuliza: "Na kama mimi ndiye niliyekana bila kujua?" Katekista akasema atamwombea.

Mwaka 1997 ukaja na ukame, na mwisho wake ukaja na zile mvua kubwa ambazo kila mtu anazikumbuka. Katikati ya mvua hizo Mwamvua alimtoa Apolonia pembeni ya lango.

"Ndugu yako haendi tena bustanini. Anakohoa. Amekonda mpaka gauni la kijani la wafungwa linamvaa yeye. Kama una neno, usilikalie."

"Neno ninalo tangu zamani. Hataki kuja."

"Basi tafuta mtu ambaye atamtaka."

Apolonia hakurudi Masumbwe. Alikwenda Mhunze. Reli ilikuwa imesombwa, barabara imekatika, akavuka mito kwa kushikana mikono na watu asiowajua, akafika kwa mama yake Jilala akiwa tope mpaka kiunoni. Kikongwe alikuwa anakoroga moto.

"Mhola, mayu?" Apolonia aliuliza, ndiyo kusema, kuna amani, mama?

"Mhola duhu. Amani tu. Keti."

Hakuketi. "Mayu, mlipompokea yule mtamba, mlisema nini?"

"Tulisema yamekwisha."

"Mlimwambia nani?"

"Tulikwambia wewe."

"Njoo ukamwambie yeye. Anakufa."

Magesa aliinuka kutoka kwenye kigoda. Alisema njia haipitiki, mama ni mzee, na mambo ya serikali yasichokonolewe. Mama yake alimwacha amalize.

"Wewe ulikwenda kusema habari za ng'ombe," alimwambia, "mimi nisiende? Nifungie maziwa."

Yule mtamba mwekundu alikuwa ameshazaa mara mbili. Wakajaza kibuyu cha maziwa yake ya mgando, na Magesa alimbeba mama yake mgongoni kila palipokuwa na maji, hadi Shinyanga.

Haikuwa siku ya kutembelea wafungwa. Mwamvua aliwatazama watu watatu walioloa kama panya, akakitazama kibuyu.

"Huyu bibi ni nani?"

"Ni mama wa marehemu," alisema Apolonia.

Mwamvua akaingia ndani bila kuuliza lolote tena. Walisikia kikohozi kabla ya kumwona mtu. Mageni alikuja ameshikiliwa na mfungwa mwenzake, akafika kwenye wavu, akamwangalia kikongwe. Apolonia alikuwa amejibanza nyuma.

"Mhola?" kikongwe aliuliza.

Katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwuliza swali hilo kwa niaba ya ukoo ule.

"Mimi sikumtupa mwanao, mayu. Niliachia sufuria."

"Najua. Ng'ombe alikuja akatuambia. Mtu aliyeua haleti, anakimbia." Akainua kibuyu. "Haya ni maziwa yake."

Mwamvua alikohoa. "Mgonjwa anaruhusiwa maziwa," alisema, kana kwamba anaongea na ukuta. "Ila sheria ni ileile. Anayeleta aonje."

Basi mama wa Jilala akanywa mbele ya askari, akapangusa midomo kwa kiganja. Akampa Apolonia, naye akanywa, mengine yakamwagikia kifuani. Mwamvua akafungua kidirisha kidogo, kibuyu kikapita upande wa pili. Mageni alikishika kwa mikono miwili. Alikunywa kidogokidogo, kwa taabu, akipumzika. Kisha akakiteremsha, na kwa mara ya kwanza tangu mahakamani akamtazama rafiki yake.

"Apolonia."

"Nipo."

"Humu ndani wanapika maharage mpaka yanaiva kweli. Nilikuwa nataka uje ujifunze."

Apolonia alisogea mpaka kwenye wavu. Aliegemeza paji la uso kwenye wavu, na Mageni, upande wake, akaegemeza hapohapo. Mwamvua aliwaacha kupita muda unaoruhusiwa, mpaka kikohozi kilipomzidi Mageni na mwenzake akamrudisha ndani.

Alifariki kabla mvua hazijakatika. Walipewa mwili, na kwa kuwa treni ilikuwa bado haipiti, walimrudisha Masumbwe kwa lori la mzigo, Apolonia amekaa nyuma karibu na sanduku, akilizuia lisigonge kwenye mashimo. Raha ya milele umpe, ee Bwana.

Mazishini wanawake walewale wa kisimani walikuja kusaidia kupika, kama ilivyo desturi. Mmoja aliyaonja maharage akasema yameiva, watu wana njaa, yaepuliwe.

"Bado," alisema Apolonia.

Akaongeza kuni, akakaa chini kwenye tope kando ya moto, na hakuyaepua mpaka yalipopondeka yenyewe.