Kifuniko Juu ya Bawa

Ule mwaka tulikula maboga. Mvua ilikataa kuacha, mahindi yakaoza yamesimama shambani, maharage yakaota ndani ya maganda yake. Yakabaki maboga. Asubuhi maboga ya kuchemsha, mchana majani ya maboga, jioni maboga ya kuponda na maziwa ya jirani yangu mfugaji. Watoto wakiona sufuria wanalia. Ndiyo mwaka ambao jicho langu la kulia lilianza ukungu. La kushoto lilikuwa limeshakufa zamani.

Daktari wa macho alikuwa Arusha, na alikuwa karibu kuondoka kurudi kwao. Barabara ya Katesh ilikuwa tope mpaka magotini, lori limelala ubavu katikati. Ilibaki ndege ndogo ya wauguzi wa kliniki, ile inayotua kwenye uwanja wa nyasi hapa Gendabi baada ya ng'ombe kufukuzwa. Walisema watanibeba. Na fundi wa ndege hiyo ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Naandika tena ili isomeke vizuri: fundi wa ndege ni mjukuu wangu. Mimi niliishia darasa la pili.

Ndege ilinyeshewa usiku kucha. Asubuhi jirani yangu alinishika mkono hadi uwanjani, bangili zake zikilia. Mjukuu wangu alikuwa chini ya bawa, anakinga mafuta kwa kikombe cha plastiki kinachoonyesha ndani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mbona hatuondoki?"

"Njoo uone."

Akanisogezea kikombe mpaka kikagusa pua. Mungu wangu! Juu mafuta ya bluu, bluu ile ya kufulia mashati meupe. Chini yake maji, yamekaa peke yake, yanang'aa, hayataki kuchanganyika. Akatikisa, maji yakapasuka yakawa punje punje kama mtama, kisha yakashuka yakaungana tena. Siku hizo niliona kila kitu kama moshi, lakini hilo niliona.

"Injini ikinywa haya," akasema, "inazima huko huko juu."

Akapanda ngazi. Sikujua kwamba mafuta ya ndege hukaa ndani ya bawa. Mdomo wa kuyamwagia uko juu ya bawa, na kifuniko chake hakizidi kiganja. Akakizungusha, akakitoa, akatuonyesha mpira uliozunguka shingo ya kifuniko hicho, mwembamba kama bangili ya mtoto mchanga. Ulikuwa umekauka na kupasuka kama kisigino changu. Mvua ilipita hapo.

Nikamwambia apake mafuta ya kondoo. Vifuniko vya vibuyu vyangu napaka hayo na havivuji.

"Yataharibu mpira, bibi."

"Usinidharau."

"Sikudharau. Kibuyu hakiruki."

Jirani yangu alicheka mpaka akashika mbavu.

Mjukuu wangu aliutoa mpira wa zamani kwa kijiti cha mbao ili asikwaruze chuma. Akafuta mfereji wake kwa kitambaa, akapitisha kidole taratibu kama anayetafuta mwiba kwenye nyayo. Akavisha mpira mpya, akaupaka grisi kidogo sana, akafunga. Bawa la pili hivyo hivyo. Akarudi chini kukinga na kumwaga, kukinga na kumwaga, mpaka kikombe kikawa bluu tupu. Nilidhani amemaliza. Kumbe! Alichukua kidumu cha maji akayamwaga juu ya vifuniko alivyovifunga mwenyewe, akaketi kwenye nyasi, akasubiri. Akakinga tena. Bluu. Huyu ndiye niliyekuwa namfuta kamasi kwa pindo la khanga.

"Haya bibi, panda," rubani akasema. Kijana mzuri, ila ana haraka.

"Sipandi mpaka aliyefunga aonje kwanza."

"Aonje nini, petroli?"

Jirani yangu ndiye aliyemjibu. "Mimi nikimpa huyu maziwa, funda la kwanza nakunywa mwenyewe mbele ya macho yake. Ninyi kwenu mnapeana tu?"

"Bibi, daktari anaondoka kesho, na mawingu yanarudi."

"Nimesikia." Nilijua vizuri kwamba tukichelewa nitabaki na moshi mpaka kaburini.

Mjukuu wangu hakubishana. Alifuta mikono akapanda na rubani. Ndege ikakimbia kwenye nyasi, ikaachana na ardhi, ikageukia upande wa mlima, nami nikakosa hata kivuli chake. Ikabaki sauti. Niliisikiliza kama ninavyosikiliza pumzi ya mtoto mwenye homa. Mtoto wa binti yangu yuko kule, ameshikiliwa na bangili mbili za mpira, na aliyempeleka ni mimi. Sauti haikukatika. Ikakua, wakashuka. Akakinga mafuta tena, akaniletea kikombe puani. Bluu.

Nikapanda.

Kule Arusha daktari akalifungua jicho. Cha kwanza kukiona sawasawa kilikuwa kucha za mjukuu wangu, nyeusi kwa grisi, zimeshika kikombe changu cha uji. Yeye akaitwa kwenye kazi nyingine. Siku ya kurudi nikaletewa ndege ngeni, nyeupe kama jino, nzuri kuliko ile yetu. Rubani wake akanifungulia mlango. Nikamuuliza fundi aliyefunga vile vifuniko yuko wapi. Akasema amekwenda kula.

"Bibi, barabara imekauka, lakini basi la Katesh litakutikisa siku nzima. Humu ni muda mfupi tu."

Nikakaza khanga yangu.

"Sipandi mpaka aliyefunga aonje kwanza."