Niliwaambia Njia ya Shule ya Chini ni Nzuri

Admin, nifichie jina langu, na kijiji usikitaje. Huku Upareni, milimani juu ya Same, ukitaja tu usharika watu wanajua anasemwa nani. Nina miaka arobaini na moja, mjane, nalima tangawizi na maharage. Nina mtoto mmoja wa kike, nimwite Namsifu, ana miaka kumi. Ninayoandika hapa sijamwambia mtu, hata mchungaji sijamwambia, ndiyo maana nimewaletea ninyi msionijua.

Kijiji chetu kilikuwa na shule yake ya msingi, na kijiji cha chini, ng'ambo ya korongo, kilikuwa na yake. Zote mbili watoto wachache, walimu ndiyo usiseme, mwalimu mmoja anashika madarasa mawili. Mwaka jana wakaja maofisa wa elimu na wazo la kuziunganisha iwe shule moja yenye majengo mawili. Kwetu juu wangebaki wadogo wa vijiji vyote viwili, kuanzia awali hadi darasa la nne, na wa darasa la tano kwenda mbele wote wangesoma chini. Wazazi wakagoma. Barabara ya magari inazunguka mbali mno, na njia ya mkato ya korongoni watu walishaacha kuipita siku nyingi. Basi kamati ya shule ikanituma mimi, mjumbe wake, nikaipite nione kama mtoto anaiweza.

Nilikwenda. Pale mtoni, chini korongoni, kuna jabali lina utelezi, mimi mtu mzima nilivuka kwa kushika mizizi. Nikakaa upande wa pili nikawaza. Namsifu yuko darasa la tatu. Hadi afike la tano ni karibu miaka miwili, pengine hata daraja litakuwa limeshajengwa pale. Na shuleni kwetu walimu wataongezeka, atasoma vizuri. Hivyo ndivyo nilivyowaza, Mungu ananiona. Kwenye mkutano wa wazazi nikasimama, nikasema, "Njia ni nzuri, mtoto anaiweza." Watu wakanyoosha mikono, wazo likapita.

Januari shule zilipofunguliwa, vyumba vya kwetu havikutosha wadogo wote. Wakasogeza mpaka: darasa la nne nalo likashuka chini. Namsifu alikuwa ndiyo kwanza ameingia la nne.

Mvua za masika zilipoanza, Elibariki, mtoto wa jirani yangu, akateleza pale pale kwenye jabali akavunjika mkono. Mama yake ndiye mtu niliyelima naye, niliyezika naye mume wangu. Mkono wa mtoto umeunga lakini mpaka leo haunyooki vizuri. Baada ya hapo wazazi wakapanga zamu, kila asubuhi kina mama wawili wanawavusha watoto wote, jioni wawili wengine wanawarudisha. Nikaenda kuomba jina langu liingie. Mama mmoja akaniangalia juu mpaka chini akasema, "Wewe si ulisema mtoto anaiweza? Basi na wako aiweze." Wengine wakacheka. Mama Elibariki hakucheka, ila hakuniangalia.

Nilimvusha mwanangu peke yangu wiki mbili. Wao mbele, sisi nyuma, na tukikazana wanakazana. Namsifu akawa ananiuliza amewakosea nini wenzake. Mwishowe nikampeleka akae kwa shangazi yake, anaishi karibu na shule ya chini. Anakuja Jumamosi, anaondoka Jumapili tukitoka kanisani.

Jamani, upweke unauma. Napika makande kidogo tu na bado nayala siku tatu. Msimu wa kuchimba tangawizi niliita watu kama kawaida yetu, hakuja hata mmoja, nikachimba mwenyewe mpaka mgongo ukagoma. Siku nyingine naongea na mbuzi, najicheka, halafu nalia. Jumapili iliyopita Namsifu alikuwa anafunga begi lake haraka haraka, akasema, "Mama, ngoja niwahi nyumbani." Nikamuuliza, "Hapa ni wapi?" Akainama, akaendelea kufunga begi. Sikumlaumu.

Sasa juzi Mama Elibariki amekuja, mara ya kwanza tangu masika. Alisimama mlangoni, hakutaka kiti.

"Mama Namsifu, nimechoka kukukasirikia," akasema. "Niambie ukweli. Wale waliokuja na habari za kuunganisha shule walikudanganya, eti? Walikupa maneno ya kusema?"

Nikageuka nikatazama njia ya korongoni.

"Jumamosi tuna msaragambo, kijiji kizima tunakwenda kuweka daraja la magogo pale jabalini. Kama ni hivyo, njoo uwaambie watu kwamba na wewe ulidanganywa. Nitasimama na wewe. Namsifu atarudi kwako na ataingia kwenye zamu, atatembea na wenzake."

Nikatikisa kichwa kukubali. Neno halikutoka, lakini kichwa nilitikisa. Akanishika mikono miwili, akalia, akasema, "Nilijua tu. Nilijua usingeweza kumfanyia mwanangu vile kwa makusudi."

Alipoondoka nilikaa chini pale pale mlangoni. Nikisema nilidanganywa, mwanangu anarudi na rafiki yangu anarudi, na kila nikimwona Elibariki akibeba begi kwa mkono mmoja nitajua mimi ni nani. Nikisema kwamba jabali nililiona, nikapima usalama wa wangu nikawaachia wao hatari, hata huyu mmoja aliyenionea huruma nitampoteza, na Namsifu atakulia kwa shangazi yake.

Msaragambo ni keshokutwa. Mama Elibariki ameshampelekea Namsifu habari, na shangazi yake ananiambia mtoto amefurahi hata kula hali. Ninyi wenye watoto, nisaidieni: nikisimama mbele ya wale watu, niseme lipi?